Mke wa Fundi Taa

Mume wangu alikuwa fundi wa shaba kabla hatujaonana. Kule Lubumbashi alifua sahani za ukutani na picha za wanyama ambazo wageni wa migodini walinunua kupeleka makwao. Tulipofika Johannesburg hakuna aliyezitaka. Alikaa karibu mwaka mzima akilinda lango la ghala moja Midrand, na huko ndiko alikoona, siku kontena la vyombo vya nyumbani lilipofunguliwa, taa za shaba na vioo vya rangi zikitolewa kwenye maboksi. Jioni hiyo aliniambia zimepigwa na mashine. Kesho yake akasema tena zimepigwa na mashine, na keshokutwa pia. Mwisho wa mwezi akaacha ulinzi.

Mwaka 2015 tulikuwa tumepanga Malvern, chumba kilichokuwa nyuma ya duka dogo lililotazama Mtaa wa Jules. Dukani nilishona mimi: sare za kwaya, nguo za harusi, suruali za kupunguza. Uani alikaa yeye na fuawe yake, kipande cha reli alichokiokota sijui wapi. Shaba aliitoa kwenye matangi ya zamani ya kuchemshia maji ya bafuni. Yale matangi yana shaba safi ndani, na wauza vyuma chakavu walimwekea kwa sababu alikuja mapema na hakubishana. Vioo alivipata kwenye milango. Nyumba za zamani za upande ule wa mji zilikuwa na milango ya mbele yenye vioo vya bluu, vyekundu, kijani na rangi ya asali. Wenye kuzikarabati walitaka milango mipya, na ile ya zamani waliisimamisha nje ya geti ichukuliwe na yeyote. Alirudi nayo kichwani, akipita kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, watu wakimpigia honi.

Taa moja ilimchukua wiki mbili. Aliichoma shaba mpaka ikawa laini, akaipiga juu ya gogo, akaitoboa kwa tindo nyembamba mpaka ikawa na matundu ya nyota na majani, kisha akaikunja ukingoni ili ishike kioo. Mwisho alilehemu. Ukiiwasha ukutani panaingia madoadoa ya mwanga ya rangi, na watu walikuwa wanapenda hayo madoadoa kuliko taa yenyewe. Waliziweka sebuleni, au juu ya meza ya kulia chakula, au kwenye veranda zao.

Mimi sikuzipenda wala sikuzichukia. Nyumbani kwetu tulikuwa na taa moja ya mrija mweupe, kwa sababu mshonaji anahitaji mwanga unaoonyesha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nyundo ilinisumbua wateja wangu walipokuwa wanazungumza. Hatukuwa na mtoto. Aliniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao, nami nilimwita papa, na wageni waliodhani watoto wako shuleni hatukuwasahihisha.

Katikati ya mwaka 2017 alikuja mwanamke wa Kikenya, mfanyakazi wa benki. Alikuwa amenunua nyumba kwenye mtaa wa kisasa uliozungushiwa ukuta huko Midrand. Taa yetu aliiona kwa mwenzake wa kanisani. Alisimama uani na viatu vyake vya ofisini, akaishika moja iliyokuwa tayari, akaigeuza juu chini.

"Fundi, mimi sitaki za dukani," alisema. "Za dukani ukiziangalia mara mbili umezimaliza."

"Unataka ngapi?"

"Tisa. Nne za sebule, tano za ngazi. Zisifanane sana, lakini zijuane."

Mume wangu alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka na mteja. "Zitajuana," alimwambia.

Aliacha kila kazi nyingine. Kufikia mwanzo wa Septemba alikuwa amemaliza tano. Ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na nasema hivi mimi ambaye sikuwa shabiki. Ilikuwa na pande nane, na vioo vyake vilikuwa vya bluu nzito, vimetoka kwenye mlango mmoja ambao aliubeba mwenyewe na ambao hakuwahi kuona mwingine kama huo. Hakuipeleka uani pamoja na zile nne. Aliiweka chumbani, juu ya kabati.

Jumapili moja tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani, akaniomba nimfungie vifungo vya shati. Nilidhani ni utani. Nilipomfunga nikaona mkono wa kulia umening'inia, na mdomo umekwenda upande mmoja. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Kiharusi, walisema. Alilala huko siku kumi na moja. Mguu ulirudi, akatembea kwa kuuburuta kidogo. Maneno yalirudi, polepole. Mkono ulirudi kiasi cha kushika kikombe kisicho na kitu ndani.

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikwenda moja kwa moja uani. Aliishika nyundo kwa mkono wa kulia na ikaanguka. Akaiokota kwa wa kushoto, akaiweka mahali pake, akaja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwambie yule mama wa Midrand atafute fundi mwingine," alisema.

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya mume wangu. Ukweli ni kwamba siku kumi zilipita akiwa amekaa kwenye kile kiti, hasomi, hasemi, akitazama barabara. Mimi nilikuwa nashona mbele ya mtu anayetazama barabara, na nikachoka. Nilitaka nyundo ipigwe tena, hata kama ni mimi wa kuipiga.

Kushona nilijifunza kwa kufumua. Mama aliyenifundisha, kule kwetu, hakunipa kitambaa mwaka wa kwanza. Alinipa magauni ya zamani na wembe, akaniambia nifungue kila mshono, nitandaze vipande sakafuni, nione gauni limetoka wapi. Kwa hiyo nilipotaka kujua taa inatoka wapi, sikujua njia nyingine. Zile nne zilizokuwa uani nilizitazama, lakini pande zake zilikuwa chache na mishono yake rahisi. Ile ya juu ya kabati ilikuwa na kila kitu ndani yake: pembe za kila namna, mikunjo ya kila namna. Anayeijua ile anazijua zote.

Jumatano alikuwa anakwenda hospitali kwa mazoezi ya mkono, na kurudi kulimchukua mpaka saa nane. Nilifunga duka. Niliishusha ile taa, nikaiweka kwenye meza ya kukatia, nikawasha kile kichomeo chake kidogo cha gesi. Lehemu iliyeyuka upesi kuliko nilivyodhani. Upande wa kwanza ulifunguka, wa pili ukafunguka. Kwenye wa tatu nilisogeza moto karibu mno na kioo kikapasuka, mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja kijiti. Nilisimama kidogo. Kisha nikaendelea, kwa sababu taa iliyofunguliwa pande tatu si taa tena.

Mume wangu aliporudi alikuta vipande kumi na sita vimepangwa juu ya karatasi ya kaki, nami nachora ukingo wa kila kimoja kwa penseli. Alisimama mlangoni. Alivitazama vipande, akanitazama mimi, akakiokota kile kioo kilichopasuka kwa mkono wa kushoto.

"Hii ilikuwa taa yangu ya mwisho," alisema.

"Najua."

"Haujui. Ungejua haungeifungua."

"Nitairudisha."

"Na kioo hiki utakirudisha na nini?"

Nilirudi kwenye penseli. Alikwenda chumbani akalala na viatu. Alikaa siku mbili bila kunisemesha. Nilimpikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, alikula, akakiambia chakula asante, si mimi. Katika siku hizo mbili sikujuta sana. Najiuliza sasa kwa nini. Nadhani nilikuwa nimeshughulika mno: nilikuwa nimegundua kwamba shaba hukunjwa kwenye kioo kama pindo linavyokunjwa kwenye ukaya, na kwamba mahali pembe mbili zinapokutana yeye alipunguza kidogo, kama mimi ninavyopunguza kwenye kona ya kola. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka kumi na minne bila kujua kwamba tulikuwa na kazi moja.

Shaba haikunishinda. Nilikata kwa mkasi wa bati kufuata karatasi, nikapiga, nikakunja. Kioo ndicho kilichonishinda. Kitambaa ukikikata vibaya unakiunga. Kioo kinakwenda kinakotaka. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimeshavunja vipande sita vya kioo cha dirisha, vya kujifunzia, nikasikia kiti kinaburutwa kwenye saruji. Alikikokota kwa mkono wa kushoto mpaka uani, akakaa nyuma yangu.

"Tena," alisema.

Nilipitisha kisu cha kioo. Kikakwaruza.

"Hapana. Ukisikia kinakwaruza, acha, usivunje. Tena."

Nilichovya kisu kwenye mafuta ya taa, nikapitisha tena, kwa haraka zaidi.

"Hapana. Unakata na macho. Funga macho."

"Nitajikata."

"Utajikata tu, macho yakiwa wazi ama yamefungwa. Funga."

Nilifunga. Mara ya nne au ya tano kisu kilitoa sauti nyembamba, moja, isiyokatika, kama zipu nzuri inapofungwa.

"Hiyo," alisema. "Kioo kikilia hivyo, kimekubali. Sasa vunja."

Kilivunjika sawasawa juu ya ukingo wa meza. Nilifungua macho nikageuka kumwonyesha. Alikuwa ameshageuza uso upande wa barabara.

Tulikwenda hivyo mpaka Novemba. Asubuhi nilishona, kwa sababu kwaya hazingojei, na mchana nilikuwa uani. Alikaa nyuma yangu akisikiliza. Karatasi zangu hakuzipenda. "Shaba haivai karatasi," alisema kila nilipotandaza mpya, kwa sababu yeye alikata kwa jicho. Nilimjibu kwamba jicho lake sina. Wakati mwingine tulibishana mpaka mteja aliyekuwa amekuja kuchukua suruali akaondoka bila kuichukua. Vidole vyangu vilijaa mikato midogo, nikashona gauni zima la bibi harusi na plasta kwenye vidole vinne ili nisiliache na damu.

Yule mama wa Midrand alipiga simu mara mbili. Nilimwambia fundi aliugua kidogo lakini kazi inaendelea. Yote mawili yalikuwa kweli, isipokuwa neno kidogo.

Ile taa ya pande nane sikuweza kuirudisha. Nilijaribu. Shaba iliyochomwa mara mbili ikawa laini kupita kiasi, na bluu ile haikupatikana popote. Vioo saba vilivyobaki nilivigawa, kimoja au viwili, kwenye kila taa niliyotengeneza mimi. Hilo lilikuwa wazo lake. Alisema bila kuniangalia, kana kwamba anazungumzia vitunguu: "Hivyo viweke kwa zingine, kuliko vikae kwenye boksi."

Tulizipeleka Jumamosi moja kwa bakki, pikapu ya muumini mwenzetu, nne zake na tano zangu, zote zimefungwa kwa mabaki ya vitambaa. Nyumba ilikuwa mpya hata harufu ya rangi ilikuwa haijatoka. Mwenye nyumba alitukaribisha chai, akatandaza shuka sebuleni, akazipanga zote tisa akazizunguka. Alimwona mume wangu anavyotembea, akauona mkono, akasema pole, fundi, pole sana, sikujua. Kisha akapiga magoti na kuanza kuzishika moja moja. Alikuwa mtu makini. Alizitenga bila kuambiwa: nne upande huu, tano upande ule.

"Hizi ni za mkono mmoja kweli?" aliuliza.

Nilikuwa nimejitayarisha kujibu. Mume wangu aliniwahi.

"Zote zimetoka nyumba moja."

"Hiyo naelewa. Nauliza mkono."

"Zile nne ni zangu," alisema. "Hizo tano ni za mama. Mimi nilikuwa naongoza."

Yule mama alinitazama, kisha akazitazama tena zile tano. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi, na nakumbuka nilikuwa nawaza mahali pa kukiweka.

"Dada, sitakudanganya," alisema. "Hizi nne ni nzuri zaidi. Zina kitu fulani, sijui nisemeje. Zako ni safi. Zimenyooka sana, kama nguo iliyopigwa pasi."

"Ni mshonaji," mume wangu akasema.

"Basi ndiyo maana. Za fundi zitakaa sebuleni. Zako zitakaa kwa ngazi. Kwa ngazi unataka kitu kilichonyooka, mtu asianguke."

Alisema kweli, na sikuona sababu ya kuumia. Njiani kurudi mume wangu alikuwa ndiye aliyekasirika. Tulipofika karibu na Malvern ndipo aliposema, "Safi! Kama safi ni kitu kibaya." Dereva alidhani anaambiwa yeye, akauliza kama gari lina uchafu.

Baada ya hapo kazi ilibaki mikononi mwangu bila mtu kuitangaza. Mtu alikuja akauliza fundi, nikasema ni mimi, akaangalia kulia na kushoto, akaagiza. Mwaka 2018 nilipunguza kushona, nikabakiza harusi peke yake. Taa zangu zilikuwa za pande nne au sita, mistari mirefu, matundu machache. Mume wangu alizipa jina la masanduku. Aliendelea kwenda kwa wauza vyuma chakavu na kwenye nyumba zilizobomolewa, na jicho lake la kuchagua kioo halikuguswa na ugonjwa. Mimi nikichagua mwenyewe naleta takataka.

Mwaka 2019 umeme ulianza tena kukatwa kwa zamu, kwa muda wa saa mbili au nne, kila mtaa na ratiba yake. Yeye ndiye aliyesema tutengeneze ndogo, za mshumaa, zenye mpini. Mtu asiyeweza kununua taa ya sebule angeweza kununua ile. Nilitengeneza ishirini. Akazifunga kwenye begi, akapanda teksi mpaka Marshalltown, katikati ya mji, akatandaza kitambaa kando ya njia, mbele ya ofisi, kati ya muuza soksi na muuza parachichi. Nilidhani atarudi saa sita. Alirudi jioni, begi likiwa na tatu. Ikawa ndiyo kazi yake.

Mwezi wa Agosti nilikwenda mjini kununua waya, nikaona nipite kumwangalia. Alikuwa na mteja, mwanamume mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Nilisimama nyuma ya muuza parachichi. Mume wangu alikuwa amevaa koti, amesimama, anaongea Kiingereza chake kilichochanganyika na Kizulu, bila kukwama hata kidogo. Aliinua taa moja kwa mkono wa kushoto. Akamwambia yule mtu kwamba aliitengeneza mwenyewe kabla hajaugua, kwamba zimebaki chache, na kwamba mkono uliozipiga hautapiga nyingine. Akauinua kidogo na ule wa kulia, auone. Yule mtu akanunua mbili.

Sikujitokeza. Nilinunua waya, nikarudi Malvern, nikaendelea na kazi. Nilikuwa nakata kioo cha rangi ya asali, na nilivunja vipande vitatu mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea kwa muda mrefu. Kwa hiyo nadhani nilikuwa na hasira, ingawa wakati ule nilijiambia kisu kimeisha makali.

Tulipokuwa tunakula nilimwambia.

"Leo nilipita Marshalltown."

Alimeza alichokuwa anatafuna. "Saa ngapi?"

"Ulipokuwa na yule wa kitambulisho."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Alisukuma sahani kando, nikadhani anatafuta namna ya kuomba radhi. Nilimfahamu vibaya.

"Mama, sikiliza," alisema. "Mwanzoni nilikuwa nawaambia ni kazi ya mke wangu. Wanasema vizuri, wanatabasamu, wanapita. Nikisema mkono umekufa, wanasimama. Watu wa hapa wanasimama kwa ajili ya kitu kilichokufa."

"Kwa hiyo mkono wako umekufa na wangu haupo."

"Wako upo. Ndiyo unatulisha."

"Basi waambie mimi ndiye niliyekufa. Waambie ni kazi ya marehemu mke wako, utauza hata begi."

Alinitazama kuona kama nimekasirika kweli. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja tangu augue, mpaka akakohoa, nikampa maji. Mimi sikucheka wakati ule. Nilicheka nikiosha sahani, na sikutaka anisikie.

Hakuacha kuwaambia. Nilimwomba jambo moja tu, asiseme hivyo kwa watu wa kanisani wala kwa yeyote anayezungumza Kiswahili, akakubali, na nadhani alishika. Wiki mbili baadaye alinipigia simu akiwa kazini, muuza soksi akisikika nyuma yake anaita wateja.

"Kuna mwanamke hapa anataka ya kijani," alisema. "Nzima ya kijani, pande zote. Unaweza?"

Nilikitazama kilichobaki kwenye boksi. "Kijani kinatosha pande mbili tu."

"Nitatafuta mlango. Nimwambie lini?"

"Mwambie Alhamisi," nilisema. "Na uulize ni ya kutundika au ya kubeba."